UMEME UNALIWA NJIANI, WAKUBWA WANATUPELEKA ETHIOPIA!

Na Mwandishi Wetu

KIJANA uliyekaa kijiweni Unga Limited, Arusha, na wewe mwenzake wa Majengo, Moshi, na wewe wa Keko, Dar es Salaam, unayesoma gazeti hili kwa kuazimana, hebu sogea. Leo hatuzungumzii nani kahama chama na nani karudi. Leo tunazungumzia mfuko wako.

Kila unaponunua umeme wa LUKU unalipia vitu viwili. Cha kwanza ni umeme utakaoutumia. Cha pili ni umeme ambao hukuuona, hukuutumia, wala jirani yako hakuutumia. Umepotelea njiani. Umepasha moto nyaya, umechemsha mafuta ya transfoma chakavu, na mwingine umeingia kwa mjanja aliyechepusha waya kabla ya mita.

Wenyewe wanauita "upotevu". Neno la heshima kweli kweli! Mtaani kwetu mtu akipoteza mali yako kila siku, mwaka hadi mwaka, halafu akakudai wewe ndiye ulipe, tuna neno jingine la kumwita.

Kwa miaka mingi upotevu katika gridi yetu umezunguka kwenye asilimia 15 hivi. Kuna wakati ulipita 20. Sasa piga hesabu. Katika kila uniti 100 zinazozalishwa, 85 ndizo zinazofika na kuuzwa. Zile 15 hazikuanguka kutoka mbinguni. Zimetumia maji, gesi, mafuta na mishahara kama zile nyingine. Nani anazilipia? Si waziri. Si mkurugenzi. Ni wewe unayenunua uniti moja kwa Sh356, yaani Sh292 za bei iliyowekwa 2016, halafu juu yake asilimia 18 ya VAT, 3 za REA na 1 ya EWURA. Bei hiyo imepangwa huku upotevu ukiwa umeshaingizwa ndani.

RAIS KASEMA MWENYEWE

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa ziarani Kilimanjaro, aliwaeleza wananchi kwamba serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya, uje kulisha mikoa ya kaskazini. Sababu? Mitambo yetu mikubwa iko kusini na mashariki mwa nchi, na kuusafirisha umeme hadi kaskazini kunatupotezea kama shilingi bilioni 32 kila mwaka.

Bilioni thelathini na mbili! Usiache zikupite masikioni kama tangazo la dawa ya kunguni. Tuzigawe kwa Sh356 ya uniti moja. Unapata kama uniti milioni 90. Nyumba ya mlalahoi inayotumia uniti 75 kwa mwezi hutumia uniti 900 kwa mwaka. Kwa hiyo bilioni 32 ni umeme wa mwaka mzima wa nyumba karibu laki moja. Laki moja! Na hapo tumepiga kwa bei ya juu ya rejareja. Ukipiga kwa bei ya chini, nyumba zinaongezeka.

Nchi ilipiga kelele. Eti tumejenga bwawa Rufiji kwa zaidi ya Sh6.5 trilioni, tumefunga mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, halafu tunakwenda kupiga hodi Ethiopia? Machi 2024 si tulizimiwa vituo vitano vya maji kwa sababu umeme umezidi? Umezidi wapi, kama Arusha unanunuliwa kwa jirani wa jirani?

Kelele hizo ni halali. Lakini mimi nakuomba kijana usiishie kwenye kelele, kwa sababu safari hii Rais alisema kweli. Tatizo ni kwamba ametaja ugonjwa wenyewe sawasawa, halafu akaandikiwa dawa ya mgonjwa mwingine.

WAYA HAUNA HURUMA

Ukweli alioutaja ni huu: umbali unakula umeme. Hilo halina CCM wala upinzani.

Umeme ukipita kwenye waya, waya unaukinza. Ule ukinzani unageuka joto, na joto linapotelea hewani. Ukiongeza mkondo mara mbili kwenye waya ule ule, upotevu hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne! Ukiongeza mara tatu, upotevu unakuwa mara tisa. Ndiyo maana saa moja jioni, watu wote wakiwasha kwa pamoja, njia ndefu inakuwa kama gari bovu linalopandisha Kitonga: mafuta mengi, mwendo hakuna.

Kuna njia mbili kubwa za kupunguza ulaji huo. Ya kwanza ni kupandisha volteji. Mzigo ule ule ukisafirishwa kwa kilovolti 400 badala ya 220, kwenye waya wa aina ile ile, upotevu unashuka na kuwa chini ya theluthi moja. Kutoka bwawa la Rufiji hadi Chalinze ipo njia ya kilovolti 400, kama kilomita 160. Vizuri. Lakini kutoka Chalinze kupanda Hale, Same, Moshi hadi Arusha, njia ya miaka nenda rudi ni ya kilovolti 132. Zaidi ya kilomita 500! Ni sawa na kujenga barabara ya njia nne hadi Chalinze, halafu malori yote yaingie kwenye uchochoro wa Manzese.

Njia ya pili ni kutousafirisha kabisa, au kuusafirisha kidogo. Zalisha pale pale unapotumika! Kumbuka ile hesabu ya mara nne, sasa igeuze. Kama nusu ya umeme wa Moshi ungezalishwa Moshi, mkondo unaotoka mbali ungekuwa nusu, na upotevu kwenye njia ile ndefu ungekuwa robo. Umepunguza mzigo nusu, umeokoa robo tatu ya hasara. Wapi pengine serikali inaweza kuweka shilingi moja ikarudi hivyo?

SASA ETHIOPIA NI KARIBU?

Sitaki kukudanganya, maana kazi ya kudanganya ina wenyewe. Umeme wa Ethiopia unatoka Wolayta Sodo hadi Suswa, Kenya, kwenye njia ya kilovolti 500 ya mkondo mnyoofu, kilomita 1,045, iliyoanza kazi 2022. Njia ya namna hiyo hupoteza kidogo kwa kila kilomita kuliko njia zetu. Na kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, kupitia Namanga na Arusha, ipo njia mpya ya kilovolti 400. Kwa hiyo mtaalamu akikwambia umeme wa Ethiopia unaweza kufika Arusha na hasara ndogo, usimtukane. Anajua anachosema. Na watu wa Kagera kwa miaka mingi wametumia umeme wa Uganda kupitia Masaka, na taa zimewaka. Kununua kwa jirani si dhambi.

Dhambi ni hii. Ukishakiri kwamba kaskazini inaumia kwa sababu mitambo iko mbali, hatua ya kwanza ni kuiweka mitambo karibu. Kwenda kutafuta mitambo iliyo mbali zaidi, kwenye nchi ya tatu, kisha kulipia kwa fedha za kigeni na ushuru wa kupita kwa jirani wa katikati, hiyo ni hatua ya mtu aliyekwisha kata tamaa na nyumba yake. Siku Wahabeshi wakipungukiwa maji, au Wakenya wakiwa na mgawo wao, nani atakatiwa kwanza? Mgeni! Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na huyu wala si ndugu, ni mfanyabiashara.

KASKAZINI SI JANGWA LA UMEME

Hebu tuitazame hiyo kaskazini wanayoizungumza kama kwamba Mungu aliisahau.

Ina maji ya mto Pangani. Hale ilijengwa 1964, megawati 21. Nyumba ya Mungu ilifuata miaka hiyo hiyo ya 60, megawati 8. Pangani mpya ni ya 1995, megawati 68. Yaani mtambo wa mwisho mkubwa wa maji katika mto huo ulizinduliwa wakati wewe hujazaliwa au unanyonya, na Hale ina umri wa babu yako. Baada ya hapo kimya.

Ina miwa. Kiwanda cha sukari cha TPC, pale pale Moshi, kinachoma mabaki ya miwa, kinazalisha umeme wake, na ziada kimekuwa kikiuza kwenye gridi. Mabaki ya miwa, kijana! Uchafu wa kiwanda unawasha taa. Umeme huo hausafiri kutoka Rufiji. Unasafiri kutoka shambani hadi mjini.

Ina jua. Serikali hiyo hiyo, kwenye vitabu vyake vya kuwaonyesha wawekezaji, inajisifu kwamba nchi hii inapata uniti 4 hadi 7 za nishati ya jua kwa siku kwenye kila mita ya mraba. Manyara, Arusha, Singida na Dodoma ni nchi ya jua kali. Mabati ya soko, ya viwanda, ya shule na ya hospitali yanakaangwa bure mwaka mzima.

Na jirani yake Singida ina upepo unaosombesha kofia. Kwa zaidi ya miaka kumi tumesomewa habari za mitambo ya upepo ya Singida. Makampuni yakaja, yakapima, yakapiga picha. Upepo upo. Mitambo haipo.

Wenzetu wadogo hawakungoja. Rwanda ilifunga mtambo wa jua wa megawati 8.5 Rwamagana 2014. Uganda ikaweka megawati 10 Soroti 2016, na nyingine 10 Tororo mwaka uliofuata, huko mashariki, mbali na mabwawa ya Jinja. Kenya ikazindua megawati 50 Garissa 2019, kwenye mji wa pembezoni. Sisi, wenye nchi kubwa kuliko hizo zote tatu zikijumlishwa pamoja, mkataba wa mtambo wa jua wa Kishapu, Shinyanga, tulisaini 2023, awamu ya kwanza megawati 50. Tunaupongeza. Lakini uliza: kama Shinyanga imewezekana, kwa nini Same isiwezekane? Kwa nini Babati isiwezekane?

KANUNI YA THELUTHI MBILI

Sasa usije ukamwelewa vibaya mwandishi wako. Sisemi tumwage paneli ovyo kila kona kama mabango ya uchaguzi. Hapa kuna utaalamu, na vijana mliosoma VETA nisikilizeni kwa makini, maana ndiyo hoja itakayowafunga midomo wale wanaosema wapinzani hatuna sera.

Chukua laini moja inayotoka kituo cha kupozea umeme, na wateja wake wamejipanga sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mafundi wana kanuni ya zamani. Weka mtambo unaotosha theluthi mbili ya mahitaji ya laini hiyo, uuweke kwenye theluthi mbili ya urefu wake. Ukipiga hesabu, upotevu kwenye laini unashuka hadi sehemu moja ya tisa ya ulivyokuwa. Mtambo mmoja, mahali pake, na hasara nane kati ya tisa zimekwisha!

Lakini weka mtambo mkubwa kupita kiasi, tuseme mara mbili ya mahitaji, ukaubandika mwisho kabisa wa laini. Umeme unageuka kurudi nyuma kwa wingi, na upotevu, kwa hesabu ile ile, unakuwa mara saba ya ulivyokuwa mwanzo. Umesikia? Mara saba! Jua lile lile, paneli zile zile, lakini aliyepanga ni mbumbumbu au ana shemeji yake mwenye kiwanja.

Hiyo ni hesabu ya ubaoni, na laini za kweli zina vijikona vyake. Lakini fundisho ni moja: nishati hii ya jua, maji madogo na upepo inapunguza hasara pale inapopimwa na kuwekwa mahali inapohitajika. Ikigawiwa kama zawadi za kampeni, inaongeza hasara. Kwa hiyo tunachodai si paneli peke yake. Tunadai takwimu. Laini ipi ya Arusha inapoteza kiasi gani? Transfoma ipi ya Tandale inapokea uniti ngapi na wateja wake wananunua ngapi? TANESCO ikitangaza hesabu hizo mtaa kwa mtaa, mtoto wa kidato cha nne ataonyesha kwa kidole pa kuweka mtambo.

UMEME MDOGO UNAUA KAZI

Usifikiri hasara hii iko kwenye vitabu tu. Wewe mchomeleaji wa mageti unaijua. Saa kumi na mbili jioni fimbo inagoma kushika, inatema cheche na kunata kwenye chuma. Wewe mwenye friji la soda na maji ya baridi, umesikia mota inanguruma bila kuanza, halafu harufu. Fundi akaja akasema, "Umeme mdogo, umeunguza."

Ule umeme mdogo ndio ndugu wa damu wa upotevu. Njia ikiwa ndefu na imebeba mzigo mkubwa, volteji inashuka kadiri unavyokwenda mwisho wa laini. Ikishuka, mota inavuta mkondo zaidi ili kazi ifanyike, inapata joto, inaungua. Na ule mkondo wa ziada unaongeza upotevu njiani, unaoshusha volteji zaidi. Mduara wa shetani. Aliye karibu na kituo cha kupozea umeme, huko kwenye mageti ya wakubwa, hana habari. Aliye mwisho wa laini, uswahilini, ndiye anayenunua mota mpya.

Mtambo mdogo karibu na mwisho wa laini unainua volteji pale pale. Na pale panapojaa mota na mashine za kuchomelea, zinazovuta mkondo mwingi usiofanya kazi, dawa ni kapasita, kifaa cha siku nyingi na cha bei nafuu kuliko mtambo wowote. Inveta za kisasa za sola nazo zinaweza kuifanya kazi hiyo. Haya si mambo ya mwezini.

WATAKWAMBIA JUA LINAZAMA

Najua watakachojibu. Wataleta mtaalamu mwenye tai, atasema: jua linazama saa kumi na mbili, na watu wanawasha taa saa moja.

Kweli. Lakini mchana nchi hailali. Viwanda vinasaga mchana, gereji zinachomelea mchana, ofisi zinawasha viyoyozi mchana. Mchana jua likibeba mzigo, maji ya Nyumba ya Mungu na ya Rufiji yanabaki bwawani yakisubiri jioni. Bwawa lenyewe linakuwa betri! Ndiyo maana sola na maji ni mapacha, si maadui. Hatusemi bwawa la Rufiji libomolewe. Tunasema lisilazimishwe kubeba kila kitu mchana na usiku hadi Namanga. Na kwa saa za jioni kwenye miji ya mbali, betri zipo. Bei ya paneli imeanguka kwa karibu asilimia 90 tangu 2010, na bei ya betri nayo imeporomoka vivyo hivyo. Aliyekuwa na haki ya kusema "ni ghali" mwaka 2005, leo anasoma gazeti la jana.

Watasema pia: upotevu mwingine ni wizi, ni ninyi wenyewe vijana na vishoka wenu. Hapo nami nakugeukia wewe. Unayemlipa kishoka akuunganishie waya wa pembeni, unamwibia nani? Humwibii waziri. Unamwibia mama ntilie wa nyumba ya tatu, ambaye hasara yako inaingizwa kwenye bei yake. Umeme wa wizi ukiunguza transfoma, mtaa mzima unalala gizani, na wewe ukiwemo. Acha! Lakini kishoka hazaliwi hewani. Anazaliwa pale mwananchi anapoomba kuunganishiwa kihalali, akazungushwa hadi akachoka. Uganda, upotevu ulikuwa kama asilimia 38 mwaka 2005, na katika miaka iliyofuata ukashushwa hadi kama 17, kwa mita za malipo ya kabla, kubadilisha nyaya na kufuatilia laini moja moja. Si malaika waliofanya. Ni watu.

KWA NINI HAWAFANYI?

Hapa ndipo penye siri ya urembo. Kama dawa ni rahisi, kwa nini miaka yote hatuinywi?

Itazame historia yetu. Ukame wa miaka ya 1990 ulipotutia gizani, dawa ikawa IPTL: mkataba wa 1995, megawati 100 za mafuta mazito, Tegeta. Ulizua kesi hadi nje ya nchi, na mtambo ukaanza kuuza umeme 2002. Ukame wa 2006 ukaleta Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu akajiuzulu. Mwaka 2014 Bunge likaelezwa jinsi zaidi ya Sh bilioni 300 zilivyotoka kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu. Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akaondolewa, mwingine akaachia ngazi mwezi uliofuata.

Unaona mtindo? Kila giza lina mkataba wake. Kila mkataba ni mkubwa, wa haraka, na mwananchi anausikia ukishasainiwa. Sasa linganisha na mitambo 20 ya megawati 5 iliyotawanyika Same, Mbulu, Karatu, Lushoto na Korogwe. Mtambo wa Mwenga kule Mufindi, megawati 4 za maji, tangu 2012 unahudumia vijiji na kuuza ziada kwenye gridi. Ni nani umewahi kumsikia akijiuzulu kwa sababu ya Mwenga? Hakuna! Mradi mdogo hauna nafasi ya kuficha cha juu. Hauna utepe wa kukatwa na viongozi kumi. Hauna ndege ya kwenda kusaini. Una umeme tu.

Utaratibu wa wazalishaji wadogo, wa hadi megawati 10, nchi hii inao tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Tulikuwa mbele ya wengi Afrika! Mlango ulifunguliwa, kisha ukawekewa kiti katikati.

TUNACHODAI

Kwanza, hesabu za upotevu zitangazwe kila mwaka, mkoa kwa mkoa na laini kwa laini, zibandikwe kwenye ofisi za kata kama matokeo ya uchaguzi. Tena yale ya kweli.

Pili, kabla ya kusaini umeme wa Ethiopia kwa miaka mingi, Bunge liletewe hesabu mbili kwenye karatasi moja: gharama ya umeme huo hadi Arusha, na gharama ya kuzalisha kiasi hicho hicho kaskazini kwa jua, maji madogo na mabaki ya miwa. Mwenye bei nzuri ashinde. Kama Ethiopia itashinda kwa haki, tutanyamaza.

Tatu, njia ya Chalinze hadi Arusha ipandishwe hadhi. Bwawa la trilioni sita bila nyaya za kulitosha ni sawa na ng'ombe wa maziwa bila ndoo.

Nne, mwenye bati aruhusiwe kuuza jua lake. Soko, msikiti, kanisa, kiwanda, kikundi cha vijana, yeyote afunge paneli, mita ihesabu kinachoingia na kinachotoka, kwa bei inayojulikana na bila kumwona mtu wa mlango wa nyuma. Kenya wametunga kanuni zao za namna hiyo 2024. Sisi tunaogopa nini?

Tano, kazi hiyo wapewe vijana. Bwawa likikamilika, kibarua anapewa kofia yake na kurudi kijiweni. Paneli elfu juu ya mabati elfu zinahitaji fundi wa kuzifunga, wa kuzisafisha, wa kubadilisha inveta, mwaka hadi mwaka, mtaani kwenu.

Kijana, siku wakubwa watakapokuja kuomba kura, usiwaulize habari za megawati. Megawati wanazijua kwa moyo, wataziimba hadi jua lizame. Waulize swali moja tu: katika kila uniti 100 mlizozalisha, ngapi zimefika kwangu?

Wakikosa jibu, wewe unalo. Liweke kwenye sanduku.